Maji Moto ya Jengo Moja: Tugawane kwa Saa

Hotuba ya afisa wa nishati wa kaunti kwa wakazi wa majengo ya ghorofa, Nakuru



Malalamiko kutoka majengo yenye hita ya sola hufanana. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anaoga maji moto. Anayeandaa watoto wa shule saa kumi na mbili na nusu anakuta maji baridi. Lawama humwendea keateka. Lakini mara nyingi hita ni nzima. Maji moto ndiyo yamekwisha.

Tufanye hesabu. Chukueni tanki la lita 300 linalotumiwa na nyumba nne. Maji yake yakiwa nyuzi 60 na ya mfereji nyuzi 20, ukichanganya nusu kwa nusu unapata nyuzi 40 za kuoga. Hizo ni takribani lita 600. Shawa inayotoa lita 8 kwa dakika, ukikaa chini yake dakika 10, inameza lita 80. Wataoga watu saba. Wa nane atatetemeka. Mkioga dakika tano tano, mtafika 15. Kwa ndoo ya lita 20, mtafika 30.

Na joto likiisha usiku, halirudi mpaka jua lipande. Anayefua kwa maji moto saa mbili usiku anamaliza maji ya mtoto wa jirani. Tufue mchana, jua lingali linapasha.

Wenye shawa za umeme, shawa ya kilowati 5.5 ikiwaka dakika 10 hula karibu uniti moja ya tokeni. Familia ya watu watano ihesabu hilo kila siku.

Wenye nyumba, funikeni mabomba ya maji moto yasipoteze joto njiani. Bomba la nusu inchi lenye mita 20 hubeba lita mbili na nusu zilizopoa. Wapangaji, zikingeni kwa ndoo, msizimwage.

Wazazi, maji ya nyuzi 60 huchoma ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Tieni ya baridi kwanza kwenye karai, kisha ya moto.

Ombi langu ni moja. Wiki hii kila jengo likae na keateka, liandike saa za kila nyumba kuoga. Wenye watoto wachanga, wagonjwa na wanafunzi watangulie. Hilo halihitaji shilingi hata moja.