Play ya zamani na deni la sanduku: maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa chama



Mlituita sisi wa kikundi cha ufundi tuje kusema, na sababu tunaijua. Si kwa kusifu kazi. Ni juu ya zile dola 240 za sanduku zenye tulikopa, na miezi inapita. Basi tunaanza na deni. Halafu tutafika kwa kazi yenyewe, maana tunasikia wengi wenu mnauliza: hawa watu wazima wanafanya nini na bintu bya batoto?

Zile pesa zilinunua PlayStation 2 kumi na mbili za okazioni, ile mashine yenye hapa Kindu tunaita Play mbili. Muuzaji alikuwa mji mwingine, jina lake liko kwa katibu, hapa hatulitaji. Alisema zote zinawaka. Tulilipa mbele ya kuona, na hapo njo kosa letu. Zilikuja kwa boti kutoka Ubundu, ndani ya magunia, bila hata karatasi katikati. Nne ziliwaka siku ileile. Tano zilikuwa na ugonjwa wa kupona. Tatu zilikuwa maiti: maji yalishaingia, ubao umeoza, na mende walikuwa wamejenga mji mzima.

Hesabu iko hivi. Zile tisa zinacheza. Nne tumeuza pesa mkononi, dola 35 kila moja, jumla 140. Tulitoa 50 kununua lenzi, waya na vishusha volti. Dola 90 ziko hapa mezani, mweka hazina azihesabu mbele ya wote. Mbili ziko kwa vijana wawili wanaolipa kidogo kidogo kila juma, hizo ni 70. Mbili hazijauzwa, 70 nyingine. Ya tisa tulimpa mama mmoja wa Alunguli, na ile lazima tuieleze.

Yule mama alikuwa na Play yake, mwanawe alikuwa anachezesha batoto wa jirani na pesa inasaidia kulipa shule. Alituletea juu ya lenzi tu. Tulitengeneza lenzi, ikawa vizuri. Halafu mmoja wetu, kwa haraka, akaifunga moja kwa moja kwa batri ya pano ya jua. Batri ni volti 12. Ile mashine nyembamba inakula volti 8.5. Tulisikia harufu, tukatazamana. Mara nyingine fuzi ndogo za ubaoni zinaungua na kukinga mengine; mara hii haikuwa vile. Tukavuka mto tena kumpelekea moja ya zile zetu. Mama hakusema neno, alitutengenezea chai. Tulikunywa kwa haya. Kwa hiyo, zikilipwa zote, sanduku litakosa dola 10. Hizo tutatoa mfukoni mwetu wenyewe.

Sasa, kwa nini Play mbili na si kitu kingine?

Mashine hii ilitoka Japani mwezi wa 3 mwaka 2000. Kampuni ya Sony iliacha kuitengeneza karibu na mwanzo wa mwaka 2013, ikiwa imeuza zaidi ya milioni 150. Mpya haipo tena. Zote zenye ziko Kindu ni nzee, zimepita mikono mingi. Lakini haidai intaneti, haidai kujiandikisha, haidai simu ya bei. Unatia diski, unacheza. Mpira wake wa mwisho ulitoka mwaka 2013, na batoto hawajali: wanaingia fasi ya kubadilisha majina ya timu, wanachukua klabu ya Ulaya, wanaandika Maniema Union, wanabadilisha rangi za jezi. Wakati Maniema Union ilipofika kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, msimu wa 2024–2025, na kukutana na Mamelodi Sundowns na Raja, hapa katika vyumba vya Play ile mechi ilichezwa mara nyingi kuliko uwanjani. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi pia.

Kuna jambo lingine, na hapa wazee watatuelewa. Mwaka uleule wa 2000 bei ya koltani ilipanda kwa miezi michache hata watu wakaacha mashamba. Wengine wetu tulikuwa tumeshakimbia, tuko kambini Lugufu na Nyarugusu. Waliobaki walichimba, wengi kwa kupenda, wengine kwa kulazimishwa na wenye bunduki. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Magazeti mengi ya nje baadaye yalisema Play mbili njo ilileta ile bei. Sisi hatusemi hivyo: simu na kompyuta zilikuwa zinakula koltani vilevile, na wanunuzi walikuwa wanajiwekea akiba kwa hofu ya kukosa. Lakini ndani ya mashine za namna hii mnakuta kondensa ndogo za tantalamu, nayo inatoka kwa koltani. Na ile eteni tunayoyeyusha kuunga waya inatoka kwa kasiterite, kama ile ya Kalima na Punia. Kama yetu iko ndani ya mashine iliyo mbele yenu, hakuna mtu anayeweza kusema. Ila mzee mmoja wa chama, aliyechimba miaka ile, alipotuona tunafungua ubao alishika kile kipande kwa kidole, akauliza: kwa hiki? Hatukuwa na jibu. Tuliendelea na kazi.

Ufundi wenyewe tuliupata kambini. Kule tulitengeneza redio na simu, umeme ni wa jua tu, kila kipande kinahesabiwa. Kule tulisema bisibisi, hapa tunasema turnevisi, skurubu ni ileile. Ugonjwa wa kwanza wa Play ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi yetu nyekundu inaingia kila fasi, lenzi inakuwa kipofu, mashine inasema haioni diski. Mafundi wengi wanakimbilia kugeuza kale kaskurubu kadogo kanakoongeza nguvu ya taa. Inasoma, mteja anafurahi, analipa. Kisha taa inaungua mapema, mteja anarudi na matusi. Sisi tunaanza kwa kusafisha kwa alkoholi na pamba, tunatia grisi kidogo kwa reli yenye lenzi inatembea, na mara nyingi inatosha.

Ugonjwa wa pili ni maneti. Kifungo kinakataa, au kinajibonyeza chenyewe. Watu wanatupa, wananunua mpya ya bei rahisi yenye haimalizi mwezi. Ndani ya maneti ya asili kuna karatasi laini ya plastiki yenye njia za umeme, inakandamizwa kwa ubao na kisponji. Kisponji kikilegea, mguso unakatika. Dawa ni kukata kipande kidogo cha utepe, kukiongeza chini yake, kufunga skurubu. Gharama karibu hakuna. Tulimfundisha binti mmoja wa chama, ana miaka 17, sasa anatushinda kwa mbio.

Na wale wanaofikiri mashine ikiuliza tarehe kila ikiwaka imekufa: hapana. Ni betri yake ndogo ya saa, ile ya duara.

Zile maiti tatu zinatulisha bado. Tumetoa feni mbili, lenzi moja, fasi za kuchomeka maneti na vifuniko. Zamani tungesema tutaagiza Goma, lakini tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa 1 mwaka 2025, kipande kinazunguka mbali, na bei yake inaota miguu njiani. Kitu kilichokufa hapa Kindu kina faida kuliko kizima kilicho mbali.

Mama wengine walisema hapa mwezi uliopita kwamba Play inaiba batoto shuleni. Ni kweli, na tulikubali. Yeyote anayenunua kwetu kwa mkopo anaweka sahihi kwamba mbele ya saa nane hafungui. Mmoja alivunja, tulichukua maneti zake juma zima. Alikuja kulia, tukamrudishia Jumamosi.

Ombi letu ni mawili. La kwanza, mtupe miezi mitatu kumaliza zile 150. La pili, na hapa tunajua wengine watakataa: mtukopeshe tena 60, lakini si za kununua mashine. Ni za chuma kizuri cha kuungia, kipimo cha volti, na lenzi nne. Mashine hatutanunua tena bila kuiona ikiwaka kwa macho yetu. Mzee mmoja ametuambia nje kwamba mtu mwenye deni haombi deni. Amesema vizuri, na mtapiga kura mkijua alivyosema.

Wenye Play zilizolala chini ya kitanda, mzilete Jumamosi kwenye ofisi ya chama. Mlete na kamba yake ya umeme, ile ya asili, hata kama imekatika. Kama umeshaifungua mwenyewe na skurubu zimebaki, leta na skurubu.