Kucheka Pamoja na Mgonjwa

 Fungueni karatasi zenu. Mwenye kusoma vizuri na awasomee wenzake polepole.

Leo tutazungumza juu ya sinema. Ni sinema ya kuchekesha, lakini habari yake si ya kuchekesha hata kidogo, kwani ni habari ya ugonjwa na kifo. Ilitengenezwa Ujerumani ikaonyeshwa mwaka 1997, na mwongozaji wake ni Thomas Jahn. Jina lake ni Knockin' on Heaven's Door, nalo limetoka katika wimbo wa Bob Dylan wa mwaka 1973. Kwa lugha yetu twaweza kusema: kubisha hodi mlangoni pa mbingu.

Basi sikilizeni hadithi. Watu wawili wanalazwa hospitali katika chumba kimoja. Martin, anayeigizwa na Til Schweiger, ana uvimbe kichwani. Ni mtu wa fujo asiyeogopa mtu. Rudi, anayeigizwa na Jan Josef Liefers, ana saratani ya mifupa. Yeye ni mpole na mwoga. Wote wawili wamekwisha kuambiwa kwamba siku zao ni chache. Usiku wanapata chupa ya pombe kali, wanashuka jikoni kutafuta ndimu na chumvi, wanakunywa. Hapo Rudi anasema kwamba tangu azaliwe hajaiona bahari. Martin anashangaa. Anamwambia kuwa huko mbinguni watu hawana mazungumzo mengine ila bahari. Je, yeye atakaa pembeni kimya?

Wanatoka na nguo zao za kulalia, wanaiba motokaa, wanashika njia. Kumbe motokaa ni ya majambazi, na nyuma, ndani ya buti, mna fedha nyingi mno! Sasa majambazi wanawafukuza, na polisi wanawafukuza. Lakini mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba atakufa, utamtisha kwa bastola gani? Hapo ndipo watazamaji wanapocheka.

Pengine mtauliza: Je, si vibaya kucheka mambo ya wagonjwa? Swali hili ni zuri, na tusilipite haraka.

Kwanza, tutazame nani anacheka. Katika sinema hii hatumcheki mgonjwa kwa sababu ya ugonjwa wake. Wagonjwa wenyewe ndio wanaotaniana, nasi tunacheka pamoja nao. Kumcheka mtu ni dharau. Kucheka naye ni kumshika mkono. Jambo hili si geni kwetu Tanzania. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Msibani mtani huweza kuigiza mwendo na sauti ya marehemu, hata wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna anayesema kwamba mtani hana huruma. Kazi yake ni kuwapumzisha watu katika huzuni.

Pili, tuutazame urafiki. Njiani Martin anashikwa na ugonjwa wake, anaanguka. Rudi, yule mwoga, ndiye anayekimbilia duka la dawa akiwa na bastola ili ampatie mwenzake dawa. Hatusifu wizi wala bastola, na kwa sababu ya mambo hayo sinema hii si ya watoto. Lakini angalieni jinsi mtu alivyosahau ugonjwa wake mwenyewe kwa ajili ya rafiki yake.

Tatu, Martin hakumdanganya Rudi kwamba atapona. Alimwuliza unataka nini, kisha akamsindikiza. Sisi mara nyingi tukienda kumwona mgonjwa twasimama mlangoni, twasema pole, twaondoka upesi kwa kuogopa. Mgonjwa hubaki na upweke, na upweke ni ugonjwa wa pili.

Lakini msije mkafahamu vibaya. Nani hapa amesema mgonjwa atoroke hospitali? Saratani nyingi zikigunduliwa mapema hutibika. Mwenye uvimbe asioujua na aende kwa daktari leo, asingoje kesho.

Mwishowe wawili hawa wanafika pwani. Upepo ni mkali, mawimbi ni makubwa. Hawasemi mengi. Martin anaanguka mchangani, na Rudi anakaa kando yake akiitazama bahari. Watu waliokuwa wakicheka muda wote hunyamaza kimya.

Sasa zungumzeni darasani maswali haya:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumcheka mtu na kucheka naye?
2. Ukienda kumtazama mgonjwa asiyetarajia kupona, utamwambia nini? Utamwuliza nini?
3. Kabla ya somo lijalo, mtembelee mgonjwa mmoja ukae naye. Kisha andika sentensi tano juu ya mazungumzo yenu.