Damu Itoke na Mrija Wake

Msikilizaji wa Kayole, Umoja au Dandora, ujumbe huu umekufikia kwenye WhatsApp zaidi ya mara moja: mgonjwa wetu anahitaji damu, tafadhali jitokezeni. Na watu hujitokeza. Tangu ufadhili wa Marekani kwa huduma ya damu nchini ulipokatika mwaka 2019, mjadala wetu umekuwa pinti tu, pinti ngapi zimepatikana. Mrija wa kuzipitishia hauzungumziwi.

Bohari ya hospitali ikiishiwa, ndugu wa mgonjwa hupewa kikaratasi akanunue seti ya damu, yaani mrija huo. Anakimbilia kemisti ya karibu, na asipokuwa makini anarudi na seti ya dripu ya maji. Zinafanana, lakini kazi ni tofauti. Seti ya damu ina chujio ndani ya chemba yake, lenye matundu ya takriban maikroni 170 hadi 200. Damu ikikaa kwenye friji hufanya vibonge vidogo, na chujio hilo huvinasa visiingie mshipani. Plazma nayo hupita humo, pamoja na zile chembe sahani za kugandisha damu. Hizi za mwisho zinataka seti mpya, si ile iliyokwisha kupitisha damu nyekundu, kwa kuwa mabaki yake huzinasa njiani.

Wapo wanaodhani chujio hilo huondoa vijidudu vya magonjwa. Haliondoi. Ukimwi, homa ya ini na kaswende vinakamatwa maabara, kabla mfuko haujafika wodini. Lipo chujio jingine, ghali zaidi, la kuondoa chembe nyeupe. Hilo hupunguza homa za baada ya kuongezewa damu, na mtoto wa selimundu anayeongezewa mara kwa mara ndiye wa kwanza kulihitaji. Kumwambia mzazi wake alitafute mwenyewe mjini, kwangu mimi, ni kumtesa.

Maoni yangu ni haya: mfuko wa damu ukitoka maabara, utoke na seti yake, vyote vikitiwa sahihi pamoja. Bei ya seti ya kawaida ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kukusanya na kupima pinti moja. Kaunti ya Nairobi ianzie hospitali za Mama Lucy na Pumwani, kwa sababu mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kumsubiri shemeji anayegonga milango ya kemisti saa nane usiku.