Dawa ya Mbu Si Dawa ya Moto

Wasikilizaji wetu wa Idete, wa Ifakara na wa bonde zima la Mto Kilombero, majira ya mpunga yanapowadia na jamaa wakahamia shambani kuamia ndege, hulala ndani ya kibanda cha nyasi, chandarua kimetandwa, na koroboi yawaka hatua mbili tu kutoka kwenye pindo lake. Tangu mwaka 1997, vyandarua vya Zuia Mbu vilipoanza kuuzwa katika bonde hili, vyandarua hivyo vimeokoa watoto wengi, nami navisifu kwa moyo wote. Lakini dawa iliyotiwa humo ni ya mbu, wala haina nguvu yoyote juu ya moto.

Ifahamike kwamba kiwakacho si uzi wenyewe: joto huuvunja ukatoa mvuke, na mvuke ule ukikutana na hewa ndio utoao mwali. Pamba ya kanga na shuka hushika moto upesi, ikaendelea hata ikawa majivu. Poliesta, uzi wa vyandarua vingi, huyeyuka kwa joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi, na matone yake hugandamana na ngozi. Sufu ina tabia njema zaidi, kwani huungua polepole, na aghalabu huzimika mwali uondolewapo.

Tabia hiyo ndiyo wataalamu waliyoitafutia pamba. Mwaka 1821 Gay-Lussac, mwanakemia wa Ufaransa, alieleza jinsi chumvi kama fosfati ya amonia na boraksi zinavyokinga kitambaa. Fosfati, kwa mfano, huifanya pamba igeuke makaa na maji badala ya kutoa mvuke uwakao. Taabu yake ni kwamba nguo ikifuliwa, kinga huenda na maji. Kwa sababu hiyo viwanda vya leo huifungamanisha dawa na pamba yenyewe, au huunda uzi wenye kinga tangu asili, kama Nomex ya sare za zimamoto, ambao hauyeyuki. Hata hivyo nguo hizo hazimpi mtu ruhusa ya kukaa motoni. Humpa nukta chache za kutoka.

Chandarua basi kichomekwe chini ya godoro, na koroboi iwekwe mbali, au afadhali tochi. Nguo ikishika moto mwilini, mtu alale chini abingirike, au afunikwe blanketi zito la sufu. Poliesta iliyoganda ngozini isibanduliwe kamwe: mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mchukueni hospitali Ifakara, uzi ule ungali ulipo.