Uvundo wa Jikoni Hauhamishwi, Huzuiwa

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo kila nyumba inalijua, ila ni wachache hulisema mbele za watu: uvundo wa taka za jikoni. Samaki akiparwa asubuhi, kisha matumbo yake yakatiwa ndoo moja na chicha la nazi na maganda ya maembe, ikifika jioni hata jirani wa nyumba ya tatu anajua mchana kulipikwa nini. Ikifika kesho yake, hakuna anayetaka kuifunua ndoo hiyo.

Desturi ya wengi ni kuubeba uvundo huo na kuupeleka mbali: nyuma ya nyumba, kando ya barabara au ndani ya mkokoteni. Kibarani inafunza mengi hapa. Kwa miaka mingi jaa la Kibarani lilikuwa ukingoni mwa bahari, kwenye njia ya kutoka Changamwe kuingia kisiwani. Kila aliyepita aliziba pua. Jaa hilo lilifungwa mwaka 2018, pakapandwa miti, na leo watu hupita wakifurahia upepo wa bahari. Lakini majungu ya Mombasa hayakuacha kupikwa siku hiyo. Taka zilielekezwa Mwakirunge, Kisauni, na huko pia kuna familia, watoto na mashamba. Harufu iliyoondoka kwa mmoja ilifika kwa mwingine.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si uvundo upelekwe wapi. Swali ni jinsi ya kuuzuia usizaliwe, na unazaliwa jikoni.

Taka yenyewe ikiwa bado mbichi haina uvundo. Harufu huletwa na bakteria wanaokula mabaki ya chakula. Wanapokosa hewa, kama ndani ya mfuko uliofungwa wenye maji chini, hutoa gesi zinazonuka kama yai viza. Joto na unyevu wa pwani huwaharakisha. Mayai ya nzi nayo, katika joto hili, huanguliwa kabla ya siku moja kwisha, na funza huweza kuwa nzi kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Nzi huyo hutoka jaani akatua kwenye sahani, na hapo harufu inageuka kuwa ugonjwa wa kuhara, hasa kwa watoto wadogo.

Ukiondoa maji, ukaacha kuchanganya taka, na usiilaze taka nyumbani, kazi kubwa imekwisha. Yafuatayo ni mambo ambayo nyumba yoyote inaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, vyombo viwe viwili. Kimoja ni cha taka za chakula, kingine ni cha vitu vikavu kama chupa, mikebe na karatasi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zile zisizooza. Chupa ambayo haijachafuliwa na mchuzi hainuki, na huuzika kwa wanaonunua vyuma na plastiki.

Pili, taka ichujwe maji. Chicha likamuliwe vizuri, na mabaki ya mchuzi yapitishwe kwenye chujio kabla ya kutiwa ndooni. Chini ya ndoo patandazwe gazeti kuukuu, vumbi la mbao au makumbi makavu ya nazi ili yanyonye maji yanayobaki. Kila taka inapoongezwa, juu yake patiwe kitu kikavu kidogo.

Tatu, samaki apewe njia yake. Matumbo, magamba na mapezi yafungwe ndani ya gazeti na yatolewe siku hiyo hiyo. Ndimu ambayo mabibi zetu wamekuwa wakijisugulia mikononi baada ya kupara samaki ina sababu yake: ukali wa ndimu huzima ile kemikali inayoleta shombo. Kwa hiyo ganda la ndimu iliyokwisha kukamuliwa lisitupwe bure. Lisugue kwanza ubao wa kukatia, kisu na sinki.

Nne, ndoo iwe na kifuniko, imwagwe kila siku, ioshwe kwa sabuni, kisha ianikwe juani. Ndoo iliyolala na maji machafu huharibu taka mpya kabla haijaingia. Samaki mmoja akioza huoza wote, na ndoo chafu ni samaki huyo mmoja.

Wenye sinki wana jambo jingine la kuangalia. Chini ya sinki bomba limepindwa, na kwenye mpindo huo hubaki maji ambayo huzuia hewa chafu isipande. Sinki lisipotumika kwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka na uvundo hupanda. Dawa yake ni kumwaga maji tu. Likinuka ilhali linatumika kila siku, basi mafuta na mabaki yameganda ndani. Weka ndoo chini, fungua mpindo na uusafishe. Mafuta ya kukaangia viazi karai au mahamri yasimwagwe sinkini. Sufuria ipanguswe kwanza kwa karatasi, ndipo ioshwe.

Kuna nchi, kama Marekani, ambako nyumba nyingi zina mashine chini ya sinki ya kusaga mabaki ya chakula. Mashine hiyo hutegemea bomba kubwa la majitaka. Upande wa bara, nyumba nyingi hutumia mashimo ya maji machafu, na mabaki yaliyosagwa yangeyajaza upesi. Kwetu, ndoo yenye kifuniko ndiyo mashine.

Onyo moja: dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, na jikoni padogo pasipo na dirisha ni hatari zaidi. Vilevile, kuchoma taka za plastiki uani hakuondoi harufu. Huigeuza moshi wenye sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wa nyumba hiyo.

Na taka ya chakula yenyewe iende wapi? Mtongwe, Shika Adabu, Mwakirunge na kwingineko bado kuna nyua na mashamba. Shimo lichimbwe mbali na kisima, kisha kila maganda yanapotiwa yafunikwe kwa majani makavu na udongo. Majani makavu yawe mengi kuliko maganda. Likifunikwa hivyo halinuki, na baada ya miezi kadhaa hutoa mbolea nzuri kwa mchicha, mabamia na migomba. Samaki na nyama wasitiwe humo, kwani huvuta paka na panya.

Mpangaji wa Chaani, Magongo au Mishomoroni huenda hana hata hatua moja ya uwanja. Naye ana njia. Maganda ya ndizi na ya maembe humfaa jirani afugaye mbuzi, na chicha huliwa na kuku. Wapangaji wa ploti moja wanaweza kukubaliana juu ya pipa moja lenye kifuniko na zamu ya kuliosha. Pipa lisilo na mwenyewe ndilo hunuka kuliko yote.

Haya yote hayaiondolei serikali wajibu wake. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Mkaazi ana haki ya kuuliza gari la taka hupita mtaani mwake siku gani, na kulalamika kwa afisi ya wadi lisipopita. Lakini hata gari lingepita kila asubuhi, linachokibeba kimetayarishwa jikoni. Likibeba taka yenye maji iliyochanganyika, Mwakirunge itapokea uvundo. Likibeba taka kavu iliyotengwa, itapokea mzigo mdogo zaidi na usionuka sana.

Watoto wa Mwakirunge wanastahili upepo safi kama ule unaovuma sasa Kibarani. Ndoo mbili na gazeti kuukuu ni mwanzo mzuri, na leo jioni panatosha kuanza.