Kiharusi Hakisubiri Raundi ya Asubuhi

(Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha vijana, Gairo)



Leo tuongee kuhusu kiharusi, hasa kile kinachompata mtu akiwa tayari amelazwa.

Mtu kalazwa kwa malaria, au katoka kufanyiwa upasuaji. Saa nane usiku mdomo unapinda, mkono mmoja unalegea, maneno hayatoki. Ndugu anayemuuguza anaambiwa, "Mwache apumzike, daktari atapita asubuhi." Jamani, asubuhi ni mbali! Kama ni damu iliyoganda kwenye ubongo, ipo dawa ya kuiyeyusha, ila inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Na lazima apigwe CT-Scan kwanza, maana kama ni mshipa uliopasuka, dawa hiyohiyo inaweza kumuua.

Sasa Gairo yetu iko kati ya Morogoro na Dodoma, zaidi ya kilomita 100 kila upande. Ukisubiri raundi, muda umeisha kabla gari la wagonjwa halijawashwa.

Wapo watakaosema bila mashine hakuna la kufanya. Si kweli! Apimwe sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana kama kapooza. Apimwe presha. Iandikwe saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Asipewe uji wala maji mpaka ajulikane anameza vizuri, maana vikiingia kwenye mapafu analeta nimonia. Halafu rufaa ianze usiku huohuo.

Hayo yanataka manesi wa kutosha na utaratibu unaojulikana wodini. Nesi anayebaki peke yake na wodi nzima simlaumu. Nawalaumu wanaopanga bajeti. Mwaka 2001, kule Abuja, nchi za Afrika, yetu ikiwemo, ziliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Ahadi hiyo bado tunaidai.

Kwa hiyo kazi ni mbili. Ya kwanza, fundisheni nyumbani: mdomo, mkono, maneno, muda. Ukiona dalili, paza sauti, uko wodini au uko kijijini, na usianzie kwa mganga. Ya pili, tuwaulize madiwani wetu: usiku wodini wapo manesi wangapi? Gari la rufaa lina mafuta? Tujibiwe kwa namba.

Hakuna kulala mpaka kieleweke!