Tazameni Kinywa Kabla Hakijauma

Wahitimu wetu wa fani ya afya: hongereni sana. Vigelegele vya hapa Nanyala leo ni haki yenu.

Muda si mrefu mtapokelewa kwenye zahanati za wilaya za Mbozi, Momba na Ileje. Atakuja mzee mkulima wa kahawa, mtumiaji wa ugoro tangu ujanani. Atakuja dereva wa lori aliyeshinda kwenye foleni ya mpakani Tunduma akivuta sigara. Watawaeleza habari za goti au kifua. Watibuni, kisha semeni: "Baba, naomba ufungue kinywa."

Saratani ya kinywa inaweza kutanguliwa na dalili. Lipo baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa cha gozi, lukoplakia. Mengi hayageuki saratani, ila baadhi hugeuka, na kwa macho peke yake hakuna ajuaye ni lipi. Baka jekundu, erithroplakia, ni adimu, lakini likipimwa mara nyingi hukutwa seli zimekwisha kuharibika, au ni saratani tayari. Yote mawili yanaweza kukaa bila maumivu, ndiyo maana mgonjwa hayasemi.

Vaeni glavu, washeni tochi. Shikeni ncha ya ulimi kwa gozi, mtazame pembeni na chini yake, maana mabaka ya huko ni ya kuogopwa zaidi. Papaseni kwa kidole; penye ugumu pana neno. Malizieni na tezi za shingo.

Kidonda kisichopona kwa wiki 2, hata baada ya kuondoa chanzo kama jino lenye ncha kali, msikiongezee antibiotiki. Andikeni rufaa. Kipimo cha kuamua ni biopsi: kinyama kidogo hukatwa na kusomwa kwa darubini. Wagonjwa watawaambia kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Waelezeni kwa upole kuwa kinachowamaliza watu ni kuchelewa. Wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa.

Na asiyekutwa na saratani msimwache. Msaidieni aache tumbaku na pombe, vichochezi vya saratani hii; mpangieni tarehe ya kurudi, na asipokuja mfuateni nyumbani.

Wahitimu, kazi hii ya kukagua kinywa haingoji mashine ya gharama. Inataka tochi, glavu na moyo wa kujali. Nendeni mkaifanye kwa kila mgonjwa, kuanzia siku ya kwanza kazini.